Bendi Ilidumu, Wapigaji Je?

Nakuru ina maoni yake kuhusu muziki, na siku ya kuyasikia vizuri ni Jumapili alasiri, vilabu vya katikati ya jiji na vya njia ya Lanet vinapoandika "zilizopendwa" kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Bia ya kwanza haijaisha, mtu mzima mmoja atasema na meza nzima itaitikia: bendi za zamani zilidumu kwa sababu wanamuziki wake walikuwa na nidhamu, waliipenda kazi kuliko pesa, na walijua kupiga ala. Vijana wa leo hawadumu kwa sababu hawana hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Maneno hayo husemwa kwenye matatu za kwenda Nairobi, husemwa redioni, na husemwa kwa sauti ya juu zaidi kwenye mazishi ya wanamuziki, aghalabu na mheshimiwa aliyekuja na hotuba ndefu na bahasha nyembamba.

Wenye maoni hayo wasikilizwe kwanza, maana hawasemi ovyo. Wanataja majina yaliyokaa kwenye mabango miaka thelathini, arobaini, hamsini. Wanakumbuka bendi za watu tisa au kumi zilizopiga kuanzia jioni hadi alfajiri bila mashine ya kuwasaidia, kila mmoja amevaa shati la rangi moja na mwenzake, na kiongozi aliyemkata pesa mpigaji aliyechelewa mazoezini. Wanauliza kwa nini kila Jumamosi Fred Obachi Machoka akifungua Roga Roga kwenye Radio Citizen, nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 bado zinawainua watu vitini, ilhali kibao kilichotikisa mji mwaka juzi hakuna anayekikumbuka. Na wakitaka kumaliza ubishi kabisa wanavuka bahari: Rolling Stones wa Uingereza wapo tangu 1962, AC/DC wa Australia tangu 1973. Hao ndio wanaume, wanasema. Wetu wako wapi?

Ni maoni matamu, yana heshima kwa wazee, na yamejengwa juu ya kumbukumbu iliyochujwa vibaya. Tuyachukue moja moja.

1. Eti zilidumu

Hakuna mfano unaotajwa Nakuru mara nyingi kama ukoo wa bendi za Wanyika, na hakuna mfano unaowaumbua watajaji wake zaidi ya huo. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walianzia Tanga na Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha wakapiga katika bendi nyingine, kisha mwaka 1971 wakavuka hadi Mombasa na kuanzisha Simba Wanyika, kabla ya kupanda Nairobi. Kufikia hapo tu, kabla hata hawajapata jina kubwa, walikuwa wamekwisha kuacha bendi mbili nyuma yao.

Mwaka 1978 bendi ikapasuka. Mpiga gitaa la ridhim, Omar Shabani, aliondoka na wenzake wakaunda Les Wanyika, wakamchukua John Ngereza awe mwimbaji. Haukupita muda wakatoa "Sina Makosa", wimbo ambao hadi leo haujakosa harusi, klabu wala matatu kutoka Naivasha hadi Eldama Ravine. Mwimbaji Issa Juma naye akatoka Les Wanyika akaenda kuanzisha Wanyika Stars, na baadaye zikaja Super Wanyika za kila namna, hata mnunuzi wa santuri ikambidi asome jina lote kwa makini kabla ya kutoa pesa. George Kinyonga alifariki 1992, Wilson akafuata 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo.

Kwa hiyo mzee anayesimama kucheza "Sina Makosa" huku akiwalaani vijana wanaovunja makundi yao anacheza matunda ya mgomo. Lau wale wapigaji wa 1978 wangekuwa na ile nidhamu anayoisifu, wangebaki nyuma ya akina Kinyonga, na wimbo huo usingekuwepo.

Hali ni hiyohiyo kwa Les Mangelepa, bendi inayosifiwa zaidi kwa kung'ang'ana. Ilizaliwa 1976 pale wapigaji wa Baba Gaston, Mkongo aliyekuwa ametua Nairobi na kundi lake la Baba National mwaka mmoja tu kabla ya hapo, walipomwacha bosi wao wakajitegemea. Muongo uliopita walitoa albamu wakaiita kwa Kiingereza Last Band Standing, yaani bendi ya mwisho iliyobaki imesimama. Mashabiki waliitikia kwa fahari, na hakuna aliyekumbusha kwamba bendi hiyo ya mwisho kusimama ilianza kwa kumwangusha mwenye bendi.

Ukivuka mpaka hadi Dar es Salaam utakuta mambo yamekwenda mbali zaidi. Muhidin Maalim Gurumo alijiunga na NUTA Jazz miaka ya 1960. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima alipoimwagia pesa Safari Sound, Gurumo na Hassan Bichuka walikuwa kati ya walioihama Mlimani kumfuata. Baadaye Gurumo akarejea kwenye bendi ya NUTA, iliyokuwa imebadilishwa jina. Wapenzi wa Sikinde, yaani Mlimani Park, na wa Msondo, yaani bendi ya NUTA, waliishi kwa ushindani huo, na nusu ya utamu wake ilikuwa kujua nani amehama, amelipwa kiasi gani, na wimbo gani wa mafumbo utatungwa kumjibu. Kijana wa leo akihama kundi huitwa msaliti. Gurumo alipofariki 2014 aliitwa nguli, na ni halali yake. Lakini hesabu ya kuhama ni ileile.

Kilichodumu, basi, ni jina kwenye bango. Watu walipita chini yake kama abiria wa stendi.

2. Eti nidhamu ndiyo iliyozilea

Ziko bendi chache zilizokaa kweli, na hizo zinastahili kuangaliwa kwa jicho kali, kwa sababu ndizo zinazotoa jibu ambalo meza ya Jumapili haitaki kulisikia.

Nakuru ni mji wa wanajeshi. Kuna kambi ya Lanet, kuna Gilgil, na hakuna mwenye duka asiyejua mshahara wa askari huingia lini. Basi na tuanze na bendi ya jeshi. Maroon Commandos ya Jeshi la Kenya ilianza 1970 chini ya Habel Kifoto. Ikaumizwa vibaya na ajali ya barabarani mwanzoni mwa muongo huo, ikanyamaza miaka kadhaa, kisha ikarudi 1977 na "Charonyi ni Wasi", wimbo wa Kitaita uliopigwa hata mahali ambapo hakuna Mtaita. Kifoto alifariki 2011. Bendi ipo.

Kwa nini ipo? Wapigaji wake ni askari. Wanalipwa mwisho wa mwezi, wimbo uvume usivume. Wana nyumba, wana daktari, wana pensheni. Gitaa ni la serikali na gari ni la serikali. Mpiga besi akistaafu, anatafutwa askari mwingine anayejua besi. Kama hiyo ndiyo nidhamu, ni nidhamu iliyoandikwa kwenye karatasi ya mshahara, na hakuna kijana wa Kaptembwo au Free Area aliyewahi kupewa aikatae.

NUTA Jazz ilikuwa hivyohivyo. Iliundwa 1964 kama bendi ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa wa chama. Chama kilipobadilika, bendi ikabadilishwa jina: JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe, chama kilipoiachia, Msondo Ngoma. Mlimani Park nayo ilibebwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, hata herufi hizo zikawekwa mbele ya jina la bendi. Mwenye mali alikuwa na ukumbi, alikuwa na vyombo, na alikuwa na wateja wa bia ambao muziki ulikuwa chambo chao. Hapo bendi ilikuwa idara ya biashara ya mtu mwingine. Ilidumu kadiri idara hiyo ilivyokuwa na faida au ilivyokuwa na mwanasiasa wa kuitetea.

Pwani ya Kenya mwajiri alikuwa hoteli. Them Mushrooms, kundi la kina Harrison, ndugu wa tumbo moja, lilianza 1972 na kulelewa na hoteli za watalii. Mwaka 1982 likatoa "Jambo Bwana", utunzi wa Teddy Kalanda, mmoja wa ndugu hao. Mwaka uliofuata Boney M wakautoa wa kwao huko Ulaya, na tangu hapo kila bendi ya hoteli kutoka Diani hadi Naivasha imeupiga mbele ya wageni wenye kamera. Kundi lilifikisha nusu karne mwaka 2022. Hapo inafaa kuuliza nusu karne hiyo iligharimu nini. Iligharimu kusimama usiku baada ya usiku mbele ya watu wanaotaka wimbo mmoja, wanaoondoka baada ya wiki mbili, na wanaodhani wimbo ule ni wa kienyeji usio na mwenyewe. Teddy Kalanda alipofariki 2024, Wakenya wengi walioujua wimbo tangu chekechea ndipo walipojua kwamba una mtunzi, na kwamba alikuwa akiishi nao nchi moja miaka yote hiyo.

Jeshi, chama, shirika, hoteli, na undugu wa damu. Ukiondoa hayo matano, bendi za Afrika Mashariki zilizovuka miaka ishirini bila kupasuka zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vitabaki.

3. Eti walipenda sanaa, si pesa

Msemo huu hupendwa sana na watu ambao hawajawahi kulala na njaa kwa ajili ya sanaa.

Wanamuziki wa zamani walipenda pesa kama fundi bomba anavyozipenda, ila hawakuzipata. Bendi iliingia studio Nairobi, ikarekodi, na mara nyingi ikalipwa kwa mkupuo mmoja ikaondoka. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili ili utoshe kwenye santuri ndogo: maneno upande wa kwanza, chemko, yaani sehemu ya kasi ya kucheza, upande wa pili, na mwenye gramafoni alilazimika kuinuka kuigeuza katikati ya uhondo. Santuri ikiuzwa, hesabu ilikuwa kwa mwenye kampuni. Kanda zilipoingia, mwuzaji wa River Road jijini Nairobi akairudufu na hesabu haikuwa kwa mtu yeyote. Wale waliomiliki magitaa yao wenyewe walikuwa wachache, na aliyeondoka kwenye bendi kwa hasira aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa gitaa lilikuwa la bosi. Ndiyo maana wengi hawakuondoka. Meza ya Jumapili inaita hali hiyo uaminifu.

Halafu kuna gharama ambazo hazikuandikwa nyuma ya santuri. Wengi wa wapigaji waliojenga jina la Nairobi walikuwa wageni: Watanzania na Wakongo, na kibali cha kazi kilikuwa rungu juu ya vichwa vyao. Samba Mapangala aliunda Orchestra Virunga 1981, na vibali vilimsumbua mara kwa mara hadi alipokwenda kuishi Marekani miaka ya 1990. D.O. Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, alikamatwa na kufukuzwa nchini kwa sababu ya nyimbo zake, akarudi, akakamatwa tena, na akafia kwenye ajali ya barabara Kisumu mwaka 2006. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilipoleta amri ya kutotoka nje usiku, kazi ya watu wanaokula usiku ilikatika kwa kalamu moja. Hakuna aliyewalipa fidia. Bendi kadhaa hazikuinuka tena, na hazikuanguka kwa kukosa nidhamu, labda iwe ni nidhamu ya wale walioshika bunduki.

Na zile ambazo nyimbo zake bado zinalia kwenye matatu zetu? Mwaka 2019 chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kilitangaza mgao kwa wanachama wake. Kila mmoja alipata shilingi elfu mbili na ushei. Kwa pesa hiyo mtu anaweza kununua seti mbili za nyuzi za gitaa, akibahatika nauli ya kurudi nyumbani.

4. Eti kijana ndiye aliyeziua ala

Hapa ndipo kinaya kinapokolea, na hapa ndipo Nakuru inapohusika kuliko mji mwingine wowote.

Lawama ni kwamba kijana amekuja na kompyuta, akabonyeza, akawafukuza mpiga ngoma, mpiga besi na wapiga tarumbeta. Sasa mtu na aingie klabu yoyote ya Bonde hili la Ufa usiku wa Ijumaa, kutoka Gilgil hadi Molo, aangalie nani yuko jukwaani. Atakuta mtu mmoja kwenye stuli. Mkononi gitaa moja. Kando yake kibodi au kisanduku kidogo kinachopiga ngoma zilizopangwa mapema, na kikombe cha plastiki cha noti miguuni. Anaimba nyimbo za Kikuyu za Kamaru na za D.K., anachomekea Kenny Rogers, na anaita majina ya walioko mezani mmoja baada ya mwingine ili watoe kitu. Huo ndio mugithi wa gitaa moja, uliovuma miaka ya 1990 na watu kama Mike Rua, na bonde hili limewapa wafuasi wasiohesabika.

Wanaomshangilia ni akina nani? Ni walewale wa umri wa kukumbuka Simba Wanyika. Wao ndio wanaotoka vitini na kushikana viuno kwa msururu, na wao ndio wanaombandika mwimbaji noti ya mia kwenye paji la uso lililoloa jasho, wakihakikisha wameonekana. Mashine ya ngoma haikuletwa Nakuru na kijana wa TikTok. Ililetwa, ikatunzwa na kushangiliwa na watu wazima waliochoka kulipia watu tisa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukulia, kwa mfano tu, klabu imekubali kutoa shilingi 40,000 kwa usiku mmoja. Bendi ya watu tisa inatoka Nairobi, kilomita kama 160 kuja na nyingine 160 kurudi. Gari na dereva, 12,000. Spika za kukodi, 8,000. Chakula na maji, 5,000. Zinabaki 15,000, yaani kila mpigaji anarudi na shilingi 1,666 baada ya kukesha, kabla ya kiongozi hajasema kwamba tumba limepasuka ngozi na linahitaji ngozi mpya. Mtu wa gitaa moja anaitishia klabu hiyohiyo 15,000, anakuja kwa bodaboda gitaa likiwa mgongoni, na zote ni zake. Mwenye klabu hahitaji shahada ya biashara kuamua.

Kiingilio je? Bendi inapotangaza mlangoni shilingi 300, yanaanza mazungumzo. "Mimi nakaa tu kidogo." "Mimi ni rafiki wa mwenye klabu." "Kwani nikinywa bia hailipi?" Mtu huyohuyo baadaye atalipa bili ya 4,000 bila kusoma, atapiga picha mbele ya jukwaa, na njiani akirudi mtaani Section 58 atalalamika kwamba siku hizi hakuna muziki wa ala. Na Safari Rally inapofika Naivasha, kama inavyofika kila mwaka tangu irejee kwenye ratiba ya dunia 2021, ukingo wa ziwa hufurika watu na pesa, na majina yaliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye mabango ya sherehe ni ya madijei. Waliowaajiri si watoto wa shule.

5. Eti vijana hawajui kudumu

Sauti Sol walianza 2005: Bien, Chimano na Savara, na punde akaingia Polycarp na gitaa. Wanne hao hao walitoa albamu, wakazunguka dunia, na hao hao wanne wakapanda jukwaani kuaga mwaka 2023. Miaka kumi na minane, na tangu wawe wanne hawakuongeza wala kupunguza mtu. Simba Wanyika ilipasuka ikiwa na miaka saba. Mangelepa walimvumilia Baba Gaston wa Nairobi kwa muda mfupi kuliko kijana anavyovumilia chuo cha ufundi. Hata hivyo Sauti Sol walipoaga, meza ya Jumapili ilitikisa kichwa: mnaona? Vijana!

Kwa kipimo hicho hakuna kijana anayeweza kushinda. Akivunja kundi, hana nidhamu. Akilidumisha miaka kumi na minane kisha akaliaga kwa amani, hana nidhamu. Akiimba peke yake tangu mwanzo, ana pupa.

Kuna shtaka jingine, kwamba vijana hawathamini vya kale. Mwishoni mwa 2024 "Kasongo", wimbo wa Super Mazembe wa miaka ya 1970, ulifumuka kwenye simu za Wakenya kama umetoka wiki ile. Waliouchimbua hawakuwa wasikilizaji wa redio za wazee. Ni vijana, wengi wao hawakuwa wamezaliwa bendi ile ilipokwisha kusambaratika, na waliugeuza kuwa jina la utani la Rais William Ruto na silaha ya mzaha dhidi ya serikali. Kwa mwezi mmoja walifanya kazi ya kuutangaza muziki wa zamani ambayo vipindi vya redio havikuwa vimeifanya kwa miaka. Wazazi wao walicheka, wakacheza, wakausambaza. Swali la nani analipwa wimbo ukisikizwa na mamilioni halikuulizwa mezani.

Na kwa wale wanaodhani mapenzi ya muziki wa nyumbani yalikuwa tabia ya kizazi chao: mwaka 1980 redio ya serikali, Sauti ya Kenya, iliamuru robo tatu ya muziki hewani uwe wa nyumbani. Malalamiko yalimiminika na amri ikalegezwa upesi. Waliolalamika wakati ule walikuwa vijana. Leo wana miaka sitini na kitu, na wanakaa meza ya karibu na jukwaa.

6. Na hao wa Australia?

Mfano wa AC/DC hutolewa kama karata ya mwisho, kwa hiyo nao upewe haki yake. Ndugu Malcolm na Angus Young waliianzisha Sydney mwaka 1973. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980, na kabla mwaka haujafika nusu wakawa wamekwisha kumweka Brian Johnson na kurekodi albamu yao iliyouza kuliko nyingine zote walizotoa. Mwaka 2016 masikio ya Johnson yalipomgomea, jukwaani akapanda Axl Rose, mwimbaji wa Kimarekani kutoka bendi nyingine kabisa. Malcolm aliugua, nafasi yake ikachukuliwa na mpwa wake Stevie, na akafariki 2017. Mwanzilishi aliyebaki ni Angus na kaptura yake ya mwanafunzi. Kwa sheria za Nakuru hiyo si bendi moja ya miaka hamsini. Ni Wanyika watupu, ila wenye mawakili.

Tofauti iko kwa hao mawakili. Wimbo wa AC/DC ukipigwa kwenye baa ya mji wowote wenye sheria inayofanya kazi, senti zinatambaa hadi kwa mwenyewe. Mtunzi anaweza kuugua mwaka mzima bila familia kuchangisha kwa WhatsApp. Anaweza kugombana na mwenzake, wakanuniana, wakapatana, kwa sababu tumbo halimlazimishi kupanda jukwaani Ijumaa hii. Watu wa aina hiyo hudumu. Omar Shabani na wenzake hawakuwa na anasa ya kununiana.

Sasa kazi ya wenye maoni haya ni ndogo na haihitaji hotuba. Mwenye klabu anayeweka zilizopendwa kila wiki alipe leseni ya muziki anaotumia kuuza bia, na adai kuonyeshwa jinsi pesa hiyo ilivyomfikia mtunzi. Wanaoketi meza ya mbele walipe kiingilio kabla ya kuagiza. Bendi ikimaliza "Sina Makosa" na kiongozi akasema wangependa kupiga wimbo wao mpya waliotunga mwaka huu, msimzomee, wala msipeleke kikaratasi cha kuomba "Kasongo". Mwacheni apige hadi mwisho, kisha muulizeni anaitwa nani.